Beki wa Kati na Nyumba ya Mwisho

Mtaa wa Nant, Cwm Eithin
6 Septemba 1931

Kaka Ithel,

Nakuandikia kwa Kiingereza kama ulivyoniagiza stesheni, ili ulimi wako uzoee na hao wachezaji wenzako wa Calderby wasipate la kukucheka. Ila nakuonya, Kiingereza changu ni cha shule, kimevaa viatu na kuchana nywele. Kiwelisi nimekiacha jikoni na Mama. Barua yako ikija nitamgeuzia neno baada ya neno, maana unajua yeye Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji.

Mama anatembea kichwa juu. Siku ile ulipopanda kutoka shimo la makaa ya mawe kwa mara ya mwisho, aliichoma suruali yako ya kazi nyuma ya nyumba, akasimama kuitazama mpaka vifungo vikapasuka. "Shimo limekula mume," alisema. "Mtoto halipati." Na bado, zamu ikitoka, husimama mlangoni kuwatazama wanaume wakipita, ingawa siku hizi hana wake wa kumsubiri.

Mimi ni yuleyule. Jumapili ilikuwa zamu yangu kusimama kanisani kusema aya. Sauti ilitoka kama ya panya ndani ya gunia, nikakaa kabla sijamaliza. Ungekuwepo ungenikonyeza.

Unakumbuka ulivyonifundisha kupita mtaani bila kuogopa watu? Ulinishika mkono ukaninong'oneza lile jina la siri la kila nyumba, lile ambalo mtu hutajwa nalo akishageuza mgongo na halisemwi kamwe usoni pake, nikawa nacheka mpaka hofu ikanitoka. Basi niandikie majina yote kwa mpangilio, tuone kama Uingereza haijakufuta.

Mdogo wako,
Eluned


Kwa Bi. Tattersall, Calderby
11 Oktoba 1931

Panya wangu,

Kunifuta mimi? Sikiliza. Mlango wa kwanza, Hopcyn Haleluya, anayeamsha watoto kanisani kwa kelele. Wa pili, Mari Mapazia, anayekuona kabla hujajiona. Wa tatu, Jenkin Jeneza, seremala, anayekupima kwa macho ukimsalimu. Wa nne, Tomos Bado Kidogo, aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Wa tano ni kwetu, na kwetu sijui tunaitwaje, kwa sababu hakuna mtu anayesikia kinachosemwa mgongoni pake. Umeridhika?

Huku ni Daraja la Tatu, Kaskazini, maana yake ni matope. Mimi ni beki wa kati, na kazi yenyewe siku hizi ni moja: nisimame mbele ya goli, kila kinachokuja juu nikirudishe kwa kichwa. Meneja, Bwana Hargate, aliniambia siku ya kwanza, "Miguu yako sina haja nayo, Mwelisi. Nimenunua paji la uso." Mpira mkavu hauna neno. Ukilowa, ngozi hunywa maji, na ile kamba yake ya kufungia hukuacha na alama kama umelalia kikapu.

Tukiumia tuna Mzee Snape, mwenye ndoo na sifongo. Umevunjika mguu? Sifongo. Umezimia? Sifongo, ila baridi zaidi. Na kwa kuwa hairuhusiwi mtu kuingia badala ya mwingine, ukiumia unapelekwa winga ukasimame huko uwasumbue wapinzani kwa kuwa hai tu.

Nalala chumba kimoja na golikipa, Amos Whittle. Huyu hutoa meno yake ya bandia kabla ya mechi, huyafunga ndani ya kofia na kuificha kwenye kona ya goli. Jumamosi tulifungwa, mpira ukatua juu ya kofia. Sisi tunalia goli, yeye yuko magotini anapiga kelele, "Menyo yangu! Menyo yangu!" Nimecheka mpaka leo.

Mwambie Mama huku kuna jua. Kiasi.

Ithel


Mtaa wa Nant
31 Januari 1932

Kaka Ithel,

Mwalimu wa Kiingereza alileta gazeti darasani, na ndani yake, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, limo jina lako: "Prosser alikuwa ukuta." Msichana mmoja akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nilitaka kusema ndiyo. Nikaitikia kwa kichwa tu, na hata hicho nikakiinamisha haraka.

Nina la kukuungamia. Nikimsomea Mama barua zako, naongeza. Ulipoandika matope nilisema majani. Nilimwambia pia unakwenda kanisani na kwamba Bi. Tattersall, mwenye nyumba wako, anakupikia mchuzi wa kondoo kama wake. Uso wake huwa laini sana akisikiliza, Ithel. Sijui kuuacha.

Shimoni kumebaki siku chache za kazi kwa wiki, wanaume wanakaa ukutani kama kunguru. Wewe ndiye pekee wa mtaa huu uliyetoka. Watu wanalisema hilo kila siku.

Haya, chemsha bongo: nani wa mlango wa pili aliyefunga kitambaa kipya dirishani, chekundu kama pua ya mlevi?

Eluned


Calderby
13 Machi 1932

Panya wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kichwa kilikuwa kinanisumbua kidogo, mvua haikati huku na mpira umekuwa kama kupiga kichwa mlango wa kanisa. Ni maumivu tu, yanakuja na kwenda. Usimwambie Mama. Wewe si umeshazoea kuongeza, sasa zoea na kupunguza.

Jambo la kuchekesha. Nalala chumba kimoja na golikipa, Amos Whittle. Huyu hutoa meno yake ya bandia kabla ya mechi, huyafunga ndani ya kofia na kuificha kwenye kona ya goli. Jumamosi tulifungwa, mpira ukatua juu ya kofia. Sisi tunalia goli, yeye yuko magotini anapiga kelele, "Menyo yangu! Menyo yangu!" Nimecheka mpaka leo.

Wa mlango wa pili ni yule mjane. Jina lake liko hapa hapa ulimini.

Ligi ikifungwa sitakuja nyumbani. Wanataka watu wa kupaka rangi jukwaa na nimejitolea.

Ithel


Mtaa wa Nant
3 Aprili 1932

Ithel,

Hadithi ya meno ulishanisimulia, na kwa maneno hayohayo. Niliiweka barua hii kando ya ile, hakuna hata nukta iliyobadilika. Kama huna la kuniandikia, usinakilie ya zamani kama mwanafunzi mvivu.

Na Mari si mjane. Mume wake ndiye aliyekubebea sanduku mpaka stesheni.

Nilidhani utakuja kiangazi. Mama alishakianika kitanda chako juani. Nimemwambia klabu imekupa heshima ya pekee, kwamba wewe ni mtu wa lazima sana huko. Huo haukuwa uongo wa kumfurahisha yeye. Ulikuwa wa kujizuia mimi nisiseme ninachofikiri, kwamba mtu akishaandikwa gazetini hana haja tena ya kukumbuka nani anaishi mlango wa pili.

Eluned


Calderby
20 Novemba 1932

Kwako Bi. Eluned Prosser,

Hunijui. Mimi ni Amos Whittle, golikipa, nalala chumba kimoja na kaka yako. Si mtu wa kuandika, maneno yangu uwanjani ni mawili tu, "Wangu!" na "Wako!" Lakini nimeona anuani yako kwenye bahasha anazozianza na kuziacha. Zimejaa droo.

Jana, kipindi cha pili, ilipigwa kona, mvua ikinyesha. Aliruka na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana, na kabla hajatua mpira ukamkuta tena usoni. Mzee Snape akaja na ndoo. Akamkamulia sifongo shingoni, akamwuliza, "Uko wapi, Mwelisi?" Ithel akaanza kusema kwa lugha yenu. Snape akacheka, "Mzima huyu! Anatutukana!" Nasi tukacheka. Wakampeleka winga ya kushoto.

Alisimama kwenye mstari mpaka filimbi ya mwisho, akisema. Refa alimwonya mara moja, akidhani ndiye anayetukanwa. Mimi nilikuwa karibu, nikasikiliza. Ni maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kisha anafika mahali anakwama, anatikisa kichwa, anaanza upya. Nilishika machache tu: Hopkin. Mari. Jenkin. Na baadaye Tomos. Ni sala? Ni wachezaji wenu wa zamani? Nimemwuliza leo, hakumbuki hata kama tulicheza.

Si mara ya kwanza, dada. Imeanza masika iliyopita. Kiangazi hakubaki kwa ajili ya rangi. Alibaki kwa sababu alipotea akitoka dukani, akaogopa mama yenu atamwona alivyo. Na wiki iliyopita alinisimulia hadithi ya meno yangu, mimi mwenyewe mwenye meno, kana kwamba ilimpata golikipa mwingine.

Niambie maneno yale ni nini. Snape hawezi kuendelea kucheka nikiwa na jibu.

A. Whittle


Mtaa wa Nant
24 Novemba 1932

Kwako Bwana Whittle,

Si sala na si matusi. Ni majirani zetu. Ni majina ya milango ya mtaa huu, kuanzia chini kupanda juu, na anapokwama ndipo ilipo nyumba yetu. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani, Bwana Whittle, huku watu wakimpigia makofi.

Mimi nilimwandikia barua mbaya mwezi wa nne nikidhani ana maringo. Nimeikumbuka yote leo, kila neno, nimekaa nayo ghalani ili nisionekane.

Tafadhali mwambie meneja wako asimwache aupige tena mpira kwa kichwa. Ningemwandikia mwenyewe, nimeanza mara nyingi, lakini Kiingereza changu kikifika kwa mtu mkubwa kinapiga magoti. Kwa Mama sijasema. Ana suruali moja tu aliyoichoma maishani mwake, na akijua haya atadhani alichoma bure.

Eluned Prosser


Calderby
Desemba

Mama,

Nakuandikia kwa Kiwelisi. Kile Kiingereza kimejificha leo, kitarudi. Msiwe na wasiwasi, huku chini giza ni la kawaida na hewa ni nzuri. Mwambie Baba anisubiri kwenye kizimba cha kupandia kutoka shimoni, asitangulie. Nimehesabu milango yote, ni mmoja tu usio na jina. Suruali yangu ya kazi umeiweka wapi?

Ithel wako


Mtaa wa Nant
2 Januari 1933

Mwanangu Ithel,

Kalamu si chombo changu, vumilia. Barua yako ilikuja Eluned akiwa hayupo, nikaifungua ili niinuse tu kama kawaida yangu, nikakuta ninaisoma. Ni ya kwanza yako kuisoma kwa macho yangu mwenyewe.

Alipoingia nilikuwa nimezipanga barua zako zote mezani. Nikamwambia, "Zisome tena. Safari hii nataka yaliyomo." Alisoma mpaka ikaniishia hamu ya kukaa. Sikumpiga. Nilimwapisha tu, mkono juu ya meza ile, kwamba hatanigeuzia tena neno la mtu likawa tamu kuliko lilivyosemwa.

Baba yako hayupo kwenye kizimba, mwanangu. Unajua alivyopandishwa. Alifunikwa blanketi la farasi. Nami nikasema wewe utakuwa juu, kwenye majani, palipo na watu na mwanga, na kumbe hata huko wanaweza kumfukia mtu huku amesimama.

Suruali haipo. Usiitafute. Acha kila kitu uje. Nipo mlangoni.

Mama yako


Calderby
5 Februari 1933

Kwako Bi. Eluned,

Barua ya mama yenu ilifika. Aliisoma, akaibusu, kisha akaniuliza imeandikwa na nani.

Nilikwenda kwa Bwana Hargate na jibu lako mkononi. Alilisikiliza lote, si mtu mkatili, hata kofia alivua. Akasema, "Baada ya Kombe, Amos. Tukimkosa mechi ya Kombe tumekwisha." Nikamwambia farasi wa gari la maziwa akianguka hufunguliwa kwanza ndipo watu wajadili maziwa. Akaniambia niangalie goli langu. Ithel mwenyewe nilimsihi asivae viatu. Akanijibu, "Nikirudi nitarudi kwa kazi gani? Na nimesajiliwa kwa klabu hii, wasiponiachia sichezi popote." Ilikuwa siku yake nzuri, alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo linaloniuma.

Mechi sitakusimulia. Nitakuambia moja tu. Mpira ule wa mwisho ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeshatoka golini, nikasita, nikapiga kelele, "Wako!" Naye akauendea, kama alivyouendea kila kitu tulichomwambia ni chake.

Alitoka uwanjani kwa miguu yake. Baada ya hapo alilala hospitali kwa muda, na klabu sasa imemwachia kwa moyo mweupe. Jumapili nitamleta mwenyewe mpaka mahali pa kubadilishia treni, mtu wa reli atamfikisha kwenu. Nimemwekea kofia yangu ndani ya sanduku. Ile ya meno.

Amos


Mtaa wa Nant
30 Aprili 1933

Kwako Bwana Whittle,

Umeniuliza kama anapona. Nimeapa kutopamba maneno, kwa hiyo jibu ni hapana.

Anakula, analala, anaimba kanisani bila kukosea, kwa sababu nyimbo hazikukaa kichwani mwake, sijui zilikaa wapi. Lakini kila asubuhi hutoka akashuka mtaani, na nyumba zetu zote zimefanana, mawe yaleyale, milango ileile. Anaanza chini kupanda, anataja, anapotea, anasimama. Wiki ya pili wanaume wa zamu ya asubuhi walimkuta nje ya mlango wa Tomos ameloa, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kusema aya. Nilisimama. Nikasema, "Sina aya. Nataka kuwaambia mnavyoitwa." Nikawataja, kanisani, usoni mwao, mmoja mmoja.

Hopcyn alikuwa amefungua kinywa kupiga haleluya, akakifunga nayo ndani.

"Mapazia?" Mari akauliza. "Mimi?"

"Nyamaza, dada," Jenkin akasema. "Mwenzio nimeitwa jeneza."

"Afadhali jeneza, linafika siku yake," mke wa Tomos akasema, na watu wakaangua kicheko mpaka mchungaji akainama kujificha. Nikangoja kiishe. Nikawaambia kwamba majina hayo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo kaka yangu, na kama hawataona aibu, akipita kila mtu amtajie la kwake. Kisha nikauliza jambo tulilokuwa hatulijui siku zote: "Na sisi tunaitwaje?"

Hakuna aliyenitazama. Walimtazama Mama. Mwishowe Mari, ambaye nadhani bado alikuwa na uchungu wa mapazia, akasema polepole, "Ann wa Mlangoni. Tangu mlipuko ule wa shimoni. Tangu siku ile ulipomngoja mume wako, Ann, ukakataa kuingia ndani."

Tukarudi nyumbani. Mama akavua kofia yake ya kanisani, akasema, "Basi ni kweli," akaenda kumenya viazi.

Kesho yake nilimshika Ithel mkono, tukaanzia chini. Hopcyn alikuwa ameshatoka nje, anapiga kelele kama kuna moto: "Haleluya hapa, kijana! Pita!" Dirisha la pili likafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona lile pazia limevutwa lote kando. "Mari Mapazia, mwanangu. Nimekuona tangu chini." Jenkin aligonga ubao wake kwa nyundo. Tomos alitufanya tusubiri, kisha akachungulia na sabuni usoni: "Bado kidogo!" Kila mlango Ithel alicheka, Bwana Whittle, kicheko kile nilichokuwa nacheka mimi nikiwa mdogo, na sikumwogopa mtu yeyote kati yao.

Tukafika wa mwisho. Mama alikuwa amesimama mahali pake.

"Ann wa Mlangoni," akamwambia Ithel, sauti wazi kabisa.

Ithel akamtazama sana. Akavua kofia yako. Halafu, kwa Kiingereza, kile chake kizuri alichojifunza kwenu, akasema, "Samahani, mama. Naulizia chumba. Mimi ni beki wa kati, si mlevi, na ni mpaka msimu uishe tu."

Mama hakuelewa hata neno. Akageuka kunitazama mimi, akangoja.

Nilikuwa na maneno matamu mengi kinywani, mimi bingwa wa kuongeza. Nikamgeuzia kama yalivyo, mpaka na lile la msimu.

Akasogea, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Mwambie kipo," akasema.

Eluned Prosser